Vyumba Sita, Uyole

Ambakisye, funguo ni hizi: sita za vyumba,
moja ya lango, na hii ndogo yenye uzi mwekundu
ni ya kasha la luku. Hiyo usimwachie mtu.
Daftari la baba yako nimelisoma miaka tisa
mpaka najua mwandiko wake ulikuwa na njaa miezi ipi.

Kabla ya kuhesabu kodi, panda juu ya bati.
Panda Oktoba, vumbi likiwa bado njiani.
Usingoje Desemba mvua ikuonyeshe tundu
kwa kidole chake yenyewe, usiku wa manane,
juu ya kitanda cha mtu aliyekulipa.
Misumari ya chumba cha tatu imelegea.
Hilo nakwambia bure; fundi Mahenge atakutoza.

Jana nilikuona nyuma ya risiti ya mafuta:
sita mara elfu arobaini, mara kumi na mbili,
ukatabasamu peke yako.
Ondoa mwezi mmoja kwa kila chumba:
mtu huhama, rangi inataka kukauka.
Ondoa shimo la choo, halingojei mshahara wako.
Ondoa ya serikali, na risiti uibane.
Kilichobaki, kigawe tena, nusu uifungie mbali.
Nyumba nayo hula, mwanangu,
na ikila, haili kidogo.

Dalali atakuletea mtu mwenye viatu.
Wewe tazama mikono, kisha nenda alikotoka,
uliza kwa jirani, si kwa shemeji yake.
Kijana mmoja alishuka hapa na gari la kuazima,
akalipa miezi sita kwa mpigo, noti zimenyooka;
mwezi wa saba alikuwa na wakili.
Bi Tusekile wa chumba cha tano anauza viazi Mwanjelwa,
hulipa kwa noti zenye udongo,
na tarehe tano haijawahi kumpita.

Mkataba uandike hata na ndugu.
Hasa na ndugu.
Nakala mbili, mjumbe aweke sahihi,
na hali ya vioo uiandike kabla havijavunjika.
Mita ndogo sita zitakula bei ya mbuzi wawili.
Nunua. Mimi ugomvi wa umeme ulinila wapangaji wanne,
na kila mmoja aliapa hana hita.

Sasa kaa. Hili halimo kwenye daftari,
au limo, ila hujajua kulisoma.

Julai ile baridi ilishuka na ukungu wake wote.
Wapangaji walilalamika upepo wa juu ya dirisha.
Baba yako akachanganya saruji,
akaziba matundu ya hewa, chumba hadi chumba,
kazi safi, ya mkono wake,
na jioni akaniambia: leo wamenishukuru.
Siku ya tatu mtu aliingiza jiko la mkaa ndani.
Asubuhi tulivunja mlango wa tano.
Mama tulimtoa akikohoa.
Mtoto alikuwa amelala kama watoto wanavyolala,
shavu juu ya kiganja.

Mjumbe alisema bahati mbaya. Watu wote walisema.
Baba yako alichukua nondo, akazibua matundu yote,
na usiku ule nilimsikia bado akigonga
ukuta ambao haukuwa na tundu.

Tusekile hakuhama.
Tulimtafutia chumba Igawilo, akatuuliza
atamwacha na nani.

Kwa hiyo ukikuta kwenye daftari, kila mwezi,
"Na. 5 — 20,000", usidhani kalamu iliteleza.
Sita mara arobaini yako haikuwa sahihi.
Usimpandishie.

Na mpangaji akilalamika upepo, mnunulie blanketi.
Blanketi liandike kwenye matumizi.

Kitasa cha lango kinakwama asubuhi.
Kipake mafuta, inua mlango kidogo kwa goti,
hivi. Jaribu wewe.